Shairi linageukaje kuwa katuni: jibu kwa dada wa Tanga aliyeuliza kuhusu katuni za Kisovieti

Dada mmoja wa Tanga ameniandikia, nafupisha: "Shikamoo mwalimu. Mimi nachora katuni kwa tableti. Kuna mwalimu wa chekechea kanipa shairi lake la beti sita, linahusu kaa anayetafuta shimo lake ufukweni baada ya maji kujaa, anataka nimtengenezee filamu fupi ya watoto. Nimejaribu mara mbili, kila mstari nauchorea picha yake, nikimaliza naona imelala tu, haina uhai. Rafiki yangu kaniambia niangalie katuni za Kisovieti maana wale walitengeneza nyingi kutoka kwenye mashairi na hadithi za watoto. Nimeangalia mbili tatu ila Kirusi sikijui. Walikuwa wanafanyaje? Nianze na zipi? Na ni kweli kuna shairi lao linaitaja Zanzibar?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenifurahisha sana, hizi katuni nimeziangalia miaka na miaka na sijazichoka, na wanafunzi wangu huwa nawaonyesha kwanza hizo kabla hawajagusa kalamu. Ngoja nianze na hilo la Zanzibar maana najua ndo linakuwasha.

Ndiyo, ni kweli. Shairi linaitwa Aibolit, la Korney Chukovsky, mshairi wa watoto wa Kirusi, limetoka 1929, na hilo jina ukilitafsiri ni kama vile mtu anasema "ai, inauma", ni daktari wa wanyama. Siku moja bweha anakuja mbio kapanda farasi, kaleta telegramu kutoka kwa Kiboko, daktari njoo Afrika haraka watoto wetu wanaumwa. Daktari anauliza kwani mnakaa wapi, na jibu ndo hilo sasa: tunakaa Zanzibar, Kalahari na Sahara, kwenye mlima Fernando-Po, anakotembea Kiboko kando ya Limpopo. Ukienda na jibu hilo kwenye ramani utapotea kabisa, Limpopo iko kusini huko inamwaga maji yake Msumbiji, Sahara iko kaskazini, na Fernando-Po wala sio mlima, ni kisiwa cha upande wa magharibi ambacho siku hizi kinaitwa Bioko, kipo Guinea ya Ikweta. Lakini lisikie kwa Kirusi, na Zanzibare, v Kalahari i Sahare, Fernando-Po, Gippopo, Limpopo. Unasikia? Ni vina vitupu. Yale majina aliyachukua kwa sababu yanagonga vizuri mdomoni, mtoto wa Leningrad (mji ambao siku hizi unaitwa St. Petersburg) anayarudia kama anaruka kamba. Hilo jambo la mdomoni likae kichwani kwako, tutalirudia, maana ndo jibu la swali lako lote.

Na kwa kuwa tumeshafika Afrika niseme tu lililo moyoni. Shairi lingine la huyo huyo Chukovsky, Barmaley la 1925, linaanza kwa kuwaonya watoto wasije wakaenda Afrika kutembea, kuna papa, kuna sokwe, kuna mamba, na kuna jambazi Barmaley anayekula watoto. Hilo linaniuma kila nikilisikia, hata kama najua ni mchezo wa vina, maana kuna watoto walikua na hiyo picha tu ya kwetu. Na jina lenyewe la hilo jambazi halikutoka Afrika hata kidogo, Chukovsky alikuwa anatembea Leningrad na rafiki yake mchoraji Dobuzhinsky wakakuta mtaa unaitwa Barmaleyeva, wakaanza kubuni huyo Barmaley alikuwa nani. Yaani zimwi walilitoa kwenye kibao cha mtaa wao wenyewe halafu wakalituma kwetu. Katuni za mashairi haya ni nyingi, Limpopo ya 1939 na Barmaley ya 1941 za Leonid Amalrik na Vladimir Polkovnikov, halafu ile ndefu ya Kiev ya David Cherkassky, 1984 hadi 1985, vipande saba, ambayo inachukua Aibolit na kuingiza ndani yake mashairi mengine ya Chukovsky kama yule mende mwenye masharubu na yule nzi. Hiyo ya Kiev ina vurugu nyingi na nyimbo, watoto wanaipenda, ila kwa kazi yako sio ya kuanzia.

Sasa tuje kwenye kazi.

Kosa lako, na ni kosa la karibu kila mtu anayeanza, ni kwamba unachora maneno. Shairi linasema kaa, unachora kaa, linasema wimbi, unachora wimbi. Mtazamaji anasikia kaa na anaona kaa, kitu kile kile mara mbili, lazima ilale. Wale wa Kisovieti, wale wazuri nasema, maana wabaya pia walikuwepo, hawakuchora maneno, walichora mizani. Lile pigo la shairi ndo lilikuwa saa ya filamu, picha inatembea kwa mwendo wa vina.

Na walikuwa na bahati moja kubwa, mashairi yenyewe yalikuwa tayari nusu filamu. Moidodyr ya Chukovsky ilipotoka kama kitabu 1923 ilikuwa na maneno chini ya jina, "sinema ya watoto", hivyo hivyo, kwenye jalada. Kwanza kabisa mtoto mchafu anaamka, na blanketi linakimbia, shuka linaruka, mto unamchurupuka kama chura, anataka mshumaa nao unakimbilia ndani ya jiko la moto. Hesabu vitenzi hapo. Hakuna aliyesema blanketi lilikuwa la bluu au zuri, limekimbia, basi, tunaendelea. Baadaye Chukovsky aliandika kitabu kizima kuhusu lugha ya watoto wadogo, kilikuja kujulikana kwa jina la Kutoka miwili mpaka mitano, akaweka humo amri zake kwa washairi wa watoto, na ya kwanza ni kwamba kila ubeti, hata kila mistari miwili, lazima impe mchoraji picha. Ya pili picha zibadilike haraka. Nyingine inasema usijaze sifa, mtoto mdogo anashika kitenzi. Kwa hiyo kabla hujachora tena lichukue shairi la huyo mwalimu, piga mstari chini ya vitenzi vyote, na ubeti usio na kitenzi cha kuonekana kwa macho rudi kwa mwalimu mkae muuzungumze. Usiogope. Watu wa sinema na washairi walikaa hivyo hivyo.

Ya kwanza nataka uiangalie ni Pochta, maana yake Posta, ya Mikhail Tsekhanovsky, 1929, Leningrad. Shairi ni la Samuil Marshak, mshairi mwingine wa watoto. Barua imeandikwa kwa Boris Zhitkov, mwandishi wa kweli aliyekuwa hai wakati huo, lakini kila inapofika ameshaondoka, barua inamfuata Berlin, London, Brazil, mpaka inazunguka dunia na kumkuta nyumbani. Hicho kitabu Tsekhanovsky mwenyewe ndo alikuwa amekichorea picha, halafu akazikata zikawa filamu, karatasi zilizokatwa na kusogezwa. Angalia matarishi. Yule wa Leningrad anatembea hivi, Mjerumani anatembea vile, yule wa London ana lake, wa Brazil ana lake, na ukizima sauti kabisa bado unajua ubeti umebadilika kwa sababu miguu imebadilika. Hujui Kirusi? Hapo hukihitaji. Ni karibu miaka 100 sasa na mimi bado sijaona funzo zuri zaidi ya hilo la jinsi mguu unavyoweza kubeba ubeti.

Halafu kukaja kipindi ambacho mimi binafsi sikipendi sana. 1935 filamu za Disney zilionyeshwa kwenye tamasha Moscow, wakubwa wakavutiwa, mwaka uliofuata ikaanzishwa studio ambayo muda si mrefu ikaitwa Soyuzmultfilm, na kwa miaka mingi watu wakaambiwa wachore kwa ulaini ule wa Disney, kila kitu cha mviringo. Wakawa pia wanapiga picha waigizaji halisi kwa kamera halafu wanachora juu yake fremu kwa fremu. Kwa hadithi ndefu za kifalme inafaa, lakini kwa shairi la watoto inaua, maana mtu wa kweli hatembei kwa vina. Moidodyr ilitengenezwa na Ivan Ivanov-Vano 1939, akairudia tena 1954, ya rangi, na kwa macho ni nzuri kweli, beseni lile kubwa la kunawia na hasira zake linatisha vizuri, ila iangalie ukiwa umetoka kwenye Posta uone mwenyewe jinsi pigo linavyoyeyuka kwenye ule ulaini. Katika kipindi hicho hicho cha ulaini Tsekhanovsky alitoa Telefon 1944, shairi la Chukovsky, vita bado haijaisha, na mle ndani Chukovsky mwenyewe anaonekana, mtu halisi, wanyama wanampigia simu hawampumzishi, tembo anataka chokoleti, mamba anataka viatu vya mpira vya kula. Nikimuona yule mzee na pua yake kwenye filamu ya mwaka ule wa njaa, nashindwa kusema nini.

Mambo yalibadilika miaka ya sitini. Fyodor Khitruk, ambaye alikuwa amechora kwenye filamu za wengine zaidi ya miaka ishirini, akaanza kutengeneza zake 1962, na akaleta mistari mikavu, rangi za bapa, mwendo mfupi. Zake mbili zinakuhusu. Vinni-Pukh ya 1969, yule dubu wa Kiingereza Winnie-the-Pooh wa mwandishi Milne ila kwa masimulizi ya Kirusi ya Boris Zakhoder, kama dakika kumi hivi, na baadaye zikafuata mbili nyingine 1971 na 1972. Nyuma ya dubu mandhari imechorwa kama mtoto kachora kwa penseli. Dubu akitembea mkono na mguu wa upande mmoja vinaenda pamoja, jaribu sasa hivi hapo ulipo utaona mwili unavyoyumba, na wakati huo anajitungia kiimbo chake cha kubwabwaja, muziki wa mtunzi Weinberg. Yaani tembea yake ni shairi lake, huwezi kuvitenganisha. Sauti ni ya Yevgeny Leonov, mwigizaji mkubwa, waliirekodi wakaiharakisha kwenye tepu ikapanda juu, ndo maana inasikika ya kitoto na ya kizee kwa pamoja.

Ya pili ya Khitruk ni Likizo ya Boniface, 1965, kutoka hadithi ya Mcheki Miloš Macourek. Simba wa sarakasi anaona watoto wanaenda likizo kwa bibi zao, anauliza jamani na mimi si nina bibi? Bibi yake yuko Afrika. Anapewa ruhusa, anaenda na boti, na likizo nzima badala ya kuvua samaki anawaonyesha watoto wa kule michezo ya sarakasi kwa sababu hawajawahi kuiona, kila asubuhi anakuta wameongezeka. Baada ya Barmaley hii ilinipoza sana. Watoto wamechorwa kwa staili rahisi mno ya enzi ile, mtu akitaka kulalamika ana haki, lakini Afrika hapo ni nyumbani kwa bibi, ni mahali unapopumzika, na huyo simba ana adabu kuliko watu wengi.

Mwaka 1963 Anatoly Karanovich alitengeneza Mister Twister kutoka shairi la Marshak la 1933, milionea wa Kimarekani anafika Leningrad na familia, hotelini anakutana na mtu mweusi anashuka ngazi, anakataa kulala hapo, na mabawabu wa mji mzima wanapigiana simu hakuna anayempa chumba. Itafute kwa ajili ya roho yako, sio kwa ajili ya kazi ya kaa, siasa yake iko wazi mno na pigo lake ni gumu. Marshak alikuwa fundi lakini.

Sasa ile ambayo nakuomba uiangalie mara kumi: Plastilinovaya vorona, Kunguru wa Plastisini, Aleksandr Tatarsky, 1981, ilitengenezwa studio ya televisheni. Kipande chake cha mwisho ni shairi la Eduard Uspensky, yule yule aliyemleta Cheburashka. Kuna hekaya ya zamani ambayo kila Mrusi anaijua shuleni, kunguru ana jibini mdomoni na mbweha anamsifia ili aimbe aidondoshe. Uspensky anaisimulia kama mtu aliyesahau. Kunguru, au labda alikuwa mbwa, au labda ng'ombe, alipata bahati ya kipande cha jibini, cha gramu mia mbili hivi, au labda mia tatu, au nusu kilo. Umeona tatizo? Utachoraje mtu anayesahau? Tatarsky alichukua plastisini, ule udongo laini wa rangi wa watoto wa chekechea, akaubandika bapa juu ya kioo, na kila msimuliaji anaposema "au labda" donge linageuka mbele ya macho yako, kunguru anakuwa mbwa, mbwa anakuwa ng'ombe. Shairi linasitasita na udongo unasitasita nao. Wimbo ulirekodiwa ukawa mrefu kuliko filamu, wakauharakisha tu, na hiyo haraka ndo ikawa roho yake. Hapo ndo utaelewa kwamba vitu vya kutengenezea havichaguliwi kwa sababu vipo dukani. Kila shairi lina kitu chake. Posta ilitaka karatasi maana barua ni karatasi. Cheburashka na Mamba Gena, wale wa Roman Kachanov kuanzia 1969, walitaka wanasesere wa kushikika, kwa sababu Cheburashka ni kinyama kisichojulikana ni nini, kimetoka ndani ya boksi la machungwa, kinatafuta rafiki, na mtoto lazima atamani kukibeba.

Na hadithi isiyo na vina je? Hapo kuna Yezhik v tumane, Nungunungu kwenye Ukungu, ya Yuri Norstein, 1975, hadithi ya Sergei Kozlov. Najua nungunungu wetu ni mkubwa na wa kule ni kadogo, ni yule wa kukaa kwenye kiganja, lakini tumwite hivyo. Anaenda kwa rafiki yake dubu jioni kunywa chai na kuhesabu nyota, kabeba jamu kwenye kitambaa, anaona farasi mweupe kwenye ukungu, anashuka kumwangalia anapotea. Basi. Ule ukungu ambao watu wanadhani ni moshi ni karatasi nyembamba sana ya kuonyesha upande wa pili, wameilaza juu ya picha wanainyanyua polepole kuelekea kwenye kamera, ikikaribia kamera picha inafifia, ikishuka inarudi. Karatasi tu! Na vina havipo lakini pumzi ipo, anasimama, anaita, anasikiliza, anasimama tena. Kwa hiyo hata kama kuna ubeti wa mwalimu wako ambao ni wa kunyamaza, kaa kachoka kakaa, usiujaze vitu. Mwache akae.

Haya, kazi yako. Kwanza weka tableti pembeni. Mwambie mwalimu alisome shairi kwa sauti mbele ya watoto wake wa chekechea, urekodi, na watoto waitikie kituo, sio peke yake ofisini. Sauti kwanza, picha baadaye. Kisha pima. Tuseme kila mstari una mizani 16 na anausoma kwa sekunde nne, hiyo ni mizani nne kwa sekunde moja. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo kila mzani ni fremu sita. Ukichora picha moja kwa fremu mbili, kama wengi tunavyofanya, kila mzani ni picha tatu. Sasa kaa ana miguu minane ya kutembelea na anakwenda upande, hebu fikiria, mguu unagusa mchanga kila mzani, na kwenye kina miguu yote inasimama. Beti sita za mistari minne ni mistari 24, mara sekunde nne ni sekunde 96, dakika moja na nusu na ushee, na kwa picha 12 za sekunde moja ni kama picha 1,150. Ni nyingi ila ni za mtu mmoja kwa miezi kadhaa, na nyingi utazirudia, hiyo tembea ukishaichora ubeti wa kwanza umeimaliza.

Na kuhusu kitu cha kutengenezea. Mimi nikilisoma hilo shairi, kaa anachimba shimo, maji yanajaa yanafuta, anatafuta, anachimba tena, sioni tableti hapo. Naona mchanga. Kioo, taa chini yake, simu imefungwa juu inapiga picha moja moja, na mchanga mkavu wa pale pale Tanga uliochekechwa vizuri, unamchora kaa kwa kidole, unapiga, unamsogeza, unapiga. Maji yakija unapitisha kiganja tu, shimo limekwenda. Ile picha iliyofutwa hairudi na kaa anajua hairudi, kama shairi lenyewe linavyosema. Jaribu ubeti mmoja tu, wa tatu, ule ambao maji yanafika, kabla hujaamua lolote, na ukiwa na hiyo sekunde 16 nitumie niione pamoja na rekodi ya watoto.